PAR ni nini? Soma hapa kabla hujanunua taa ya tanki lenye mimea

Ukienda Kariakoo kuulizia taa ya tanki la samaki, swali la kwanza utakaloulizwa ni "unataka ya wati ngapi", ukisema ishirini unapewa ya ishirini, ukisema hamsini unapewa ya hamsini, mnamalizana. Kwa tanki la samaki watupu hakuna shida kabisa, samaki anataka ajue mchana upi na usiku upi basi. Ila kama umepanda majani ndani, majani ya kweli siyo yale ya plastiki, wati haikwambii kile unachotaka kujua. Kinachokwambia ni kitu kinaitwa PAR, na ndo nataka tuelewane hapa maana naona watu wanamwaga hela kila mwezi na mimea inakufa bure, inaniuma kweli.

PAR ni herufi tatu tu za Kizungu, maana yake ni ule mwanga ambao mmea unaweza kuula. Mmea unajipikia chakula kwa mwanga, ile usanisinuru tuliyosoma shule, na mwanga unaotumia ni wa urefu wa wimbi kuanzia nanomita 400 mpaka 700, yaani kutoka zambarau na bluu kupita kijani mpaka nyekundu. Sasa chukulia mwanga kama mvua, yale matone ndo chembe za mwanga zinaitwa fotoni, halafu weka beseni chini uhesabu matone mangapi yanaingia kila sekunde. Hiyo hesabu ndo namba ya PAR. Kipimo chake rasmi ni maikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde, jina refu mno, kwa hiyo wafugaji wanasema tu "PAR 30" au "PAR 50" na wanaelewana. Ili upate picha, jua la Dar saa sita mchana bila wingu linafika kama 2000. Tanki la mimea ya kawaida linataka 20 mpaka 40 pale chini kwenye mchanga. Umeona tofauti ilivyo kubwa, mimea mingi ya kwenye tanki haitaki jua la Coco Beach.

Na sikiliza hapo niliposema pale chini kwenye mchanga. Beseni likiwa karibu na taa linapokea mengi, likiwa mbali linapokea machache, na maji nayo yanameza mwanga kidogo, kioo cha juu kikiwa na vumbi na ile chumvi nyeupe inayobaki maji yakikauka kinameza zaidi. Kwa hiyo taa moja ileile inaweza kuwa kali mno kwenye tanki la kina cha sentimita 25 na ikawa dhaifu kwenye la sentimita 55. Mtu akikwambia taa yake ina PAR 100 muulize kwanza hiyo 100 ni kwa umbali gani, asipojua hiyo namba haina maana.

Wati basi ni nini? Ni umeme ambao taa inakula, full stop, ni habari ya LUKU hiyo. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 8 kwa siku inakula uniti 0.16, kwa mwezi haifiki uniti tano. Zamani enzi za tyubu watu walikuwa na hesabu yao ya wati kwa kila galoni ya maji na ilikuwa inafanya kazi kiasi chake, kwa sababu tyubu zote zilikuwa zinafanana fanana. LED hazifanani. Chukua mbili za wati 20, moja chip zake nzuri na lenzi inaelekeza mwanga chini, nyingine umeme mwingi zaidi unaishia kuwa joto, ukipima chini ya maji utadhani siyo wati sawa.

Lumeni nayo inachanganya watu kwa sababu inaandikwa kubwa kwenye boksi. Lumeni inapima mwanga kwa jicho la binadamu, na jicho letu linaona vizuri zaidi rangi ya kijani cha njano hivi, kwenye nanomita 555, bluu na nyekundu iliyokolea linazipunja. Mmea hauna macho yetu. Taa yenye nyekundu na bluu nyingi inaweza kuandikwa lumeni chache na bado mmea ukashiba. Halafu kuna kelvini, hiyo ni rangi tu ya mwanga, 3000 ni njano ya sebuleni, 6500 ni nyeupe ya mchana, 10000 inaenda kwenye ubluu. Haisemi mwanga ni mwingi au mchache. Mimi nashauri 6500 au karibu na hapo, majani yanaonekana kijani safi na samaki rangi yao haipotei, lakini mmea hautakufa kisa ni 5000.

Nilijifunza haya kwa uchungu. Tanki langu la kwanza lilikuwa la sentimita 60 kwa 30 kwa 36, kama lita 65, nikaliwekea taa kubwa ya wati 50 ile ya kumulika getini, muuzaji alinihakikishia mimea itanenepa. Wiki ya kwanza majani yalikuwa yanatoa vipovu vya hewa, mazuri, nikafurahi sana. Wiki ya tatu kioo kikawa na utando wa kijani, ya tano mimea yangu yote ya Anubias imeota manyoya meusi kwenye kingo za majani yasiyotoka hata ukisugua na mswaki. Nikabadilisha maji, nikanunua dawa, hola. Tatizo lilikuwa taa muda wote na mimi nilikuwa naishukuru.

Hapa ndo penyewe sasa. Mwanga kwa mmea ni kama kukanyaga mafuta kwenye gari. Ukikanyaga, mmea unataka kukua haraka, na ukitaka kukua haraka unahitaji kaboni dayoksaidi nyingi na mbolea nyingi kwa wakati uleule. Kwenye maji ya kawaida bila mtungi wa kuongeza gesi hiyo, kaboni dayoksaidi ni kidogo sana, mmea unakwama, mwanga unabaki hauna wa kuutumia, na mwani, yaani ule utando wa kijani na yale manyoya meusi, unakuja kuula maana wenyewe hauna makuu. Kwa hiyo kama huna mtungi wa gesi usivuke PAR 40, na 25 au 30 ni salama zaidi. Hapo unaweza kufuga Anubias, ambayo asili yake ni mito ya Afrika Magharibi na Kati huko inaota kwenye vivuli, Java fern, Cryptocoryne, na Vallisneria ambayo hata Ziwa Tanganyika ipo. Yale mazulia ya majani madogo unayoyaona kwenye picha, na majani mekundu kabisa, hayo ndo yanataka 50 na kwenda juu, na huko bila gesi usiende.

Muda nao ni sehemu ya hesabu, watu wanausahau. PAR 40 kwa saa 6 ni mwanga sawa na PAR 30 kwa saa 8, kwa siku mmea umepokea kiasi kilekile. Anza na saa 6. Sisi tunarudi nyumbani usiku kwa foleni ya Morogoro Road, kwa hiyo weka taima iwashe saa kumi na moja jioni izime saa tano usiku, utalifaidi tanki lako ukiwepo. Chukua taima ya kidijitali yenye betri ndani, maana ile ya kuzungusha umeme ukikatika kwa saa mbili nayo inasimama kwa saa mbili, baada ya wiki mbili unakuta taa inawaka saa tisa za usiku. Na tanki lisikae dirishani, jua la asubuhi dakika arobaini tu linavuruga hesabu yote na maji yanachemka, Januari na Februari kwa joto letu maji yanafika 30 hata bila jua. Hii ndo sababu nyingine nazipenda LED, joto lake linapandia kwenye bodi ya taa huku juu, ukilinganisha na tyubu maji yanapona. Bodi iwe ya aluminiamu na iliyozibwa vizuri, hasa ukikaa Kigamboni au Mbezi Beach, ile hewa ya chumvi inatafuna waya na skrubu miezi michache tu.

Sasa utauliza mita ya PAR tunaipata wapi, ni ghali kweli, mimi mwenyewe sina. Fanya hivi. Shusha apu ya kupima laksi (yaani lumeni ngapi zinaangukia kila mita ya mraba) kwenye simu, tanki likiwa tupu halina maji laza simu chini kioo chake kikiangalia juu, washa taa, soma namba. Kwa taa nyeupe ya LED gawanya kwa 70 hivi unapata PAR ya kukadiria, yaani laksi 2100 ni kama 30. Siyo kipimo cha maabara na simu zinatofautiana, na kwa taa za zile chip za pinki hesabu hii haifanyi kazi kabisa, ila inatosha kujua uko kwenye 30 au uko kwenye 120. Pima katikati na pima kwenye kona, kona mara nyingi inapata nusu tu, hapo ndo panda Anubias.

Ukikuta namba ni kubwa usikimbilie kuitupa taa. Ile yangu ya getini niliifunga waya nikaining'iniza sentimita 40 juu ya maji, nikakata yale majani yenye manyoya yote, nikashusha muda mpaka saa 6. Majani mapya ya kwanza yaliyotoka safi niliyaona baada ya wiki saba.