Huoni siku zako miezi minne? Sio mazoezi yameshika, ni tokeni zimeisha

Wiki iliyopita nilikuwa kwetu Lamu, likizo fupi, alfajiri nikatoka kunyosha miguu ufuoni Shela, maji yalikuwa yametoka kwa hiyo mchanga mgumu unakimbilika, mara wasichana wawili wakanipita kama nimesimama. Waliporudi wakanikuta nimekaa ukutani nahema. Salamu mbili tatu, kusikia kazi yangu ni mambo ya lishe mmoja akanipa habari yake kwa furaha kabisa, ati ana miezi minne haoni siku zake na kocha kamwambia ndio dalili mazoezi yameshika. Mwenzake akamwambia, "Una bahati wewe, mimi bado zanisumbua."

Nikanyamaza kidogo, manake maneno hayo hayo niliambiwa mimi nikiwa fomu tatu, nikayaamini, mwaka uliofuata mfupa wa muundi ukapasuka bila kuanguka, bila kugongwa, bila hata kukanyagwa na punda, na kwa mtu wa Lamu hiyo ya punda angalau ingekuwa na maelezo. Wiki tatu nzima bibi alinichua na mafuta ya nazi kabla mtu hajafikiria hospitali. Basi nimerudi Malindi, nimekaa, naandika.

Tuanze na stima. Nyote mwajua tokeni. Zikibaki uniti mbili na hela haijaingia wafanyaje? Wachomoa friji, pasi huigusi, TV wazima, wabakisha taa moja na chaja ya simu. Mtu akipita nje aona taa inawaka, ajua kwa kina fulani mambo sawa. Mwili wa mkimbiaji asiyekula kiasi cha mazoezi yake hufanya hivo hivo. Moyo hauzimi, ubongo hauzimi. Unazima vile visivyo na haraka leo, yaani uzazi, kujenga mifupa, kinga ya magonjwa, kukarabati misuli usiku. Ubongo unapunguza ishara ya kuamsha ovari, estrojeni, homoni ya kike, inashuka, siku zinapotea. Siku zako kupotea ndio hiyo friji iliyochomolewa, na vilivyomo ndani vinaharibika polepole huku taa ya sebuleni inawaka.

Na kinachowachanganya watu ni kwamba mwanzoni unakimbia vizuri! Kilo mbili tatu zimetoka, mwili mwepesi, muda unashuka, kocha anapiga makofi. Baada ya miezi ndio muda unaganda, mafua hayaishi, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za bure, choo kigumu, unasikia baridi (baridi, Malindi, mwezi wa pili jamani), halafu mfupa.

Wataalamu wana kipimo chake na wala sio kigumu, ni hesabu ya duka. Chukua kalori ulizokula, toa zilizochomwa na mazoezi, kinachobaki ndicho mwili unaendeshea nyumba, kigawanye kwa kilo za mwili wako ukishatoa mafuta. Ukipata kama 45 kwa kilo uko vizuri. Chini ya 30 matatizo huanza kumiminika, ingawa hiyo 30 sio ukuta, wako wanaoumia wakiwa juu yake kidogo. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Anne Loucks, na mwenzake walichapisha majaribio ya wasichana wenye afya zao, na ilionekana siku 5 tu chini ya 30 zatosha kuvuruga homoni inayoamsha ovari. Siku tano, sio miezi.

Sasa mchukue binti wa kilo 50, ukitoa mafuta tuseme 40. Kakimbia kilomita 14. Kwa makadirio ya haraka haraka kukimbia hula kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, hapo 700 zimeenda. Akiwa amekula 1,700 siku nzima zinabaki 1,000, gawa kwa 40, ni 25. Kushaharibika. Ili afike 45 alitakiwa ale 2,500, na hiyo tofauti ya 800 sio kijiko cha wali cha kuongeza, ni mlo mzima na kitafunio juu yake.

Hali hii Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliipa jina mwaka 2014, RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ikaipitia tena 2018 na 2023. Zamani ilikuwa yasemwa ni ya wanawake tu, vitu vitatu, kula kidogo, hedhi kupotea na mifupa kulegea. Siku hizi yajulikana inagusa mwili mzima na wanaume wamo.

Ukisoma visa vya nje, vingi ni vya mtu kuambiwa apungue. Mary Cain wa Marekani, yule aliyefika fainali ya mita 1500 mashindano ya dunia Moscow 2013 akiwa na miaka 17, alijitokeza mwaka 2019 akasema hakuona siku zake miaka mitatu na alivunjika mifupa mitano, akisema alikuwa akisukumwa apungue apungue tu. Wapo wa hivo na huku pia. Lakini wengi ninaowaona mimi hapa pwani hawajinyimi kabisa, na hapo ndipo nagombana na wenzangu wanaoanza na mahubiri ya kujipenda. Huyu mtoto anajipenda vizuri tu, shida ni ratiba.

Angalia siku yake. Saa kumi na moja alfajiri anakimbia tumbo tupu. Saa mbili chai ya rangi, mahamri mawili, mbaazi za kuchovyea. Mchana jua kali, hamu hakuna, labda viazi karai vya ishirini amesimama. Jioni anakimbia tena. Saa tatu usiku anaupiga wali wa nazi na samaki wa kupaka mpaka anashindwa kuinuka. Ukimuuliza akwambia "mimi nala sana dada daktari" (mimi si daktari, nishachoka kusema) na kweli kala sana, mara moja. Mchana kutwa friji ilikuwa imechomolewa. Na tafiti zimeonyesha masaa mengi ya upungufu ndani ya siku huendana na homoni kuvurugika, hata kama jumla ya siku haionekani mbaya. Pia mazoezi makali na joto vyakata hamu ya kula, kwa hivyo ukisubiri njaa ikwite haitakwita.

Kuna wanaonijibu kwamba mabingwa wa bara wala ugali na mboga tu na wanashinda dunia. Mtafiti Vincent Onywera na wenzake waliwapima wanariadha 10 wa juu wa Kenya wakiwa kambini, wakachapisha 2004, zaidi ya robo tatu ya kalori zao zilikuwa wanga, na hata wao walikuwa wakila chini ya walichochoma. Lakini kambini watu hula pamoja kwa saa maalum, chai ya maziwa imejaa sukari, mazoezi yakiisha mtu hulala. Sio kama wewe unayetoka ufuoni moja kwa moja kwenda kufungua duka.

Wanaume, nyinyi hamna hedhi ya kuwashtua, kwa hivyo huja mmechelewa. Testosteroni, homoni ya kiume, hushuka, hamu ya ndoa yapotea, ile hali ya kuamka asubuhi "umesimama" yakatika wiki nzima na mwaona haya kusema. Mmoja alizunguka nusu saa anazungumzia goti. Goti lilikuwa zima.

Mfupa sasa. Maumivu ya mfupa wa kupasuka kwa kuchoka yako sehemu moja, ukibonyeza kwa kidole kimoja unaruka, na hayapoi ukipasha mwili moto. Muundi na mifupa ya wayo ndio kawaida. Yakiwa kwenye kinena, ukikanyaga yachoma, usikimbie hata hatua moja, shingo ya mfupa wa paja ikipasuka yaweza kuishia meza ya upasuaji. Na eksirei ikitoka safi wiki mbili tatu za mwanzo isikudanganye, mpasuko mchanga mara nyingi hauonekani, MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ndio huuona mapema. Mtoto ambaye homoni zake zimezimwa kati ya miaka 14 na 20 anakosa miaka yenyewe ya kuweka akiba ya mfupa, na akiba hiyo hairudi yote. Mimi wangu ulipona, lakini kipimo cha uimara wa mifupa nilichofanya ukubwani kilinikalisha kitako.

Kama siku zako hazipo miezi mitatu, au umefika miaka 15 hujaziona kabisa, nenda ukapimwe. Watakuanzishia kipimo cha mimba, usione ni matusi, ndio utaratibu, halafu homoni za tezi ya shingoni na nyinginezo kwa sababu sio kila kitu ni chakula. Ukipewa vidonge vya uzazi wa mpango ukatokwa damu usifurahi, ile damu ni ya vidonge, mwili wenyewe bado umezima na mifupa haijalindwa.

Ramadhani naulizwa kila mwaka. Daku usiiache, hata ukilala unaanguka. Mazoezi mepesi saa moja kabla ya futari, yale makali baada ya Tarawehe ukishakula, na kilomita punguza, mwezi mmoja haukuui. Futari ya tende, uji, mihogo ya nazi na samaki ni nzuri sana kwa mkimbiaji, shida ni watu kula kaimati kumi kisha wakashiba maji. Aliye na mfupa uliopasuka akamuulize ustadh wake kuhusu rukhsa, hiyo sio kazi yangu.

Na chai jamani iondoeni kwenye chakula, yazuia madini ya chuma. Ngoja saa moja, kamulia ndimu kwenye maharagwe.

Yule wa Shela nilimpa mambo mawili tu aanze nayo, tende tano na ndizi kabla ya kutoka alfajiri, na chakula cha mchana cha kweli hata kama ni sima na dagaa wa nazi kwenye kibakuli cha kubeba, halafu apunguze kilomita mpaka apimwe. Jana kanitumia meseji, vipimo vingine viko sawa, wamemwambia arudi baada ya mwezi, mamake ndiye anayempakia kibakuli. Kocha hajaridhika, kasema nimpigie mwenyewe nimueleze. Nitampigia kesho baada ya Alasiri.