Blauzi huanzia begani

Mbukwenyi jamani.

Juzi alikuja mteja kibandani kwangu, huku Majengo, Dodoma, na mfuko wa blauzi saba. Nguo nzuri kabisa, hakuna aliyoivaa zaidi ya mara moja. Akazimwaga juu ya meza ya kukatia, akakaa kwenye benchi, akasema, "Dada fundi, mimi sina shepu. Nipunguzie hizi, ukishindwa nizigawe."

Nikamwambia avae mojawapo, asimame, anigeuzie mgongo. Mshono wa bega ulikuwa umeteleza chini ya mfupa, kama inchi moja na nusu kila upande. Nikaubana kwa pini nikaupandisha hadi mahali pake. Blauzi nzima ikapanda nao, na pale ilipobana kidogo ubavuni kiuno kikajitokeza. Akajitazama kwenye kioo, akacheka. "Kumbe ninacho!" Anacho, na aliingia nacho mlangoni. Kilikuwa kimefunikwa na bega la mtu mwingine.

Nimeamua kuliandika hili kwa sababu swali la "mimi nivae blauzi gani?" naulizwa kila siku, na majibu mengi yaliyoko mitandaoni yanaanza na michoro ya matunda: wewe pea, yule tufaa. Sisi huku tuna majina yetu, namba nane, kibonge, kimbaumbau, na hayo nayo hayanisaidii nikishika mkasi. Mtu huyo huyo anaweza kuwa kimbaumbau juu na namba nane chini. Wengine tumbo liko mbele tu, ukimtazama kwa nyuma ni binti wa miaka ishirini. Kwa hiyo mimi siulizi wewe ni umbo gani. Naanza na bega.

Sababu ni rahisi. Nguo ya juu inaning'inia kutoka begani kama nguo kwenye henga. Bega likikaa vizuri, kitambaa kinashuka kilivyokusudiwa. Likizidi, mkono unaanguka, kifua kinalegea, na mtu anaonekana mzito kuliko alivyo. Likipungua, shingo inavutwa nyuma na mgongo unaweka mikunjo. Tafuta kwa kidole ule mfupa mdogo mwisho wa bega, pale mkono unapoanzia. Mshono unatakiwa ukae hapo. Kuna mitindo inayoshusha bega makusudi, hiyo ni habari nyingine, na mara nyingi inawapendeza wembamba warefu zaidi ya sisi wengine.

Kingine ni kwapa. Watu wengi wanadhani kwapa likikatwa chini ndiyo nguo ina nafasi. Ni kinyume. Kwapa likishuka sana, ukiinua mkono blauzi yote inapanda mpaka kitovu kinaonekana. Likikatwa juu kidogo, bila kukaba, mkono unainuka peke yake na blauzi inabaki ilipo. Ukijaribu nguo popote, inua mkono kama umeshika bomba la daladala, halafu kaa. Ikikushinda hapo usiilipie.

Sasa wenye kifua kikubwa, maana hawa ndio wanaoteseka kuliko wote, na mimi ni mmoja wao. Ukinunua shati linalotosha kifua, bega linakuwa la jirani. Ukinunua la bega lako, vifungo vinaachama katikati. Nguo za dukani zinakatwa kwa kifua cha wastani, kwa hiyo tatizo haliko kwako. Dawa zipo. Ya kwanza ni kitambaa kinachovutika, kama cha fulana, kinakusamehe pande zote mbili. Ya pili ni blauzi ya kupishanisha mbele na kufunga ubavuni, ambayo unajipimia mwenyewe. Ya tatu ni kushonewa, na hapo mwambie fundi akupime vipimo viwili ambavyo wengi wanaviruka: kutoka begani hadi ncha ya ziwa, na kutoka ncha hadi ncha. Vipimo hivyo ndivyo vinavyomwonyesha mahali pa kubana kitambaa ili kifua kipate chumba chake na kiuno kisipotee. Kama shati unalo tayari na unalipenda, weka kifungo kimoja usawa wa ncha za maziwa hasa, na kifungo cha kubonyeza kwa ndani kati ya hicho na kinachofuata. Kazi ya dakika kumi, na mkutanoni hutakaa na mkono kifuani.

Shingo ya V au iliyofunguka kidogo inawafaa wenye kifua kuliko shingo iliyofunga mpaka kooni, kwa sababu jicho linapata njia ya kupita. Haina haja ya kuwa ndefu. Ofisi za serikali zina utaratibu wake wa mavazi, na vidole vitatu chini ya shimo la koo vinatosha kabisa.

Mwenye mabega membamba na nyonga pana, mali yako iweke juu. Shingo pana inayoenda upande kwa upande, shingo ya mraba, mikono yenye puto, kola yenye mambo. Rangi ya kung'aa juu, iliyotulia chini. Mwenye mabega mapana afanye kinyume: puto aachane nayo, avae V, au mkono ule unaokatwa kuanzia shingoni bila mshono wa begani. Sina mengi zaidi ya hapo kwa hawa, nguo nyingi zinawakubali.

Tumbo ndilo lina kesi. Wengi wakijiona na tumbo wanakimbilia blauzi pana kama hema, kitambaa chepesi, iliyoachia kuanzia chini ya kifua. Ukiwa Dar labda. Hapa Dodoma ukitoka nje mwezi wa saba, upepo unaingia chini ya blauzi hiyo na kukupa mimba ya miezi sita hapo hapo barabarani, watu wanaanza kukupisha kwenye foleni. Kitambaa chepesi mno kinachapwa na upepo, na kile cha poliesta mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza kinanata mgongoni. Chukua pamba au kitambaa chenye uzito wa wastani kinachoanguka. Kiguse mwili begani na kifuani, kipite tumboni bila kushika wala kupaa. Nikikata blauzi ya kitambaa kisichovutika naongeza inchi mbili juu ya kipimo cha kifua kwa anayetaka ya mwili, nne kwa anayetaka kupumua. Zaidi ya hapo tunaanza kushona pazia. Na kama ni pamba, ilowekwe na kukaushwa kabla ya mkasi, la sivyo itarudi ndani ukishaifua na lawama zitaniangukia mimi.

Halafu blauzi inaishia wapi? Pindo ni mstari, na jicho husimama penye mstari. Likiishia penye upana wako wote, umepapigia mstari wewe mwenyewe. Pandisha vidole viwili au shusha vinne, uone tofauti kwenye kioo. Peplamu, yaani blauzi yenye kipande kinachochanua kuanzia kiunoni, nazo ni hivyo hivyo. Ikianzia kwenye kiuno chenyewe inajenga, ikianzia juu ya tumbo inalibeba tumbo kama trei. Kwa wafupi, blauzi ndefu inayofika katikati ya paja inakula miguu.

Kuhusu mistari, mtanisamehe, hapa nabishana na mafundi wenzangu. Tumekaririshwa kwamba mistari ya kulala inanenepesha. Mwanasayansi mmoja Mjerumani, Hermann von Helmholtz, aliandika mwaka 1867 kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala unaonekana mrefu kuliko ulivyo, na akataja mpaka magauni ya wanawake. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, Peter Thompson na Kyriaki Mikellidou, walilijaribu jambo hilo kwa michoro ya wanawake waliovaa mistari, wakakuta mistari ya kulala hainenepeshi. Mimi ninachokiona mezani ni kwamba shida ni nguo kubana. Mstari uliolala juu ya nguo inayobana unapinda kufuata tumbo, na kupinda kule ndiko kunakosema. Nguo ikiwa na nafasi, mstari unabaki umenyooka na hausemi kitu. Ila fundi akuunganishie mistari ubavuni ikutane. Isipokutana, hata uwe namba nane utaonekana umevaa haraka.

Kitenge chenye maua makubwa kina ajali yake, na niliipata mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilipewa kazi ya shangazi wa bibi harusi, kitenge cha maduara makubwa kama sahani. Nikakunja kitambaa, nikaweka karatasi, nikakata, wala sikuangalia duara linaangukia wapi. Siku ya kujaribu, maduara mawili yalikuwa yametua kifuani, moja kila upande, sawasawa kama taa za lori. Mama wa watu akajitazama kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii umenishonea mimi au dereva?" Nilinunua kitenge kingine kwa hela yangu. Tangu hapo kila ua kubwa nalitandaza wazi kwanza, na duara naliweka begani, au katikati chini ya shingo, au mgongoni. Na wewe mteja una haki ya kumuuliza fundi wako kabla hajakata.

Kaka zangu, nanyi kidogo. Mwenye kitambi asichomekee shati linalobana akaacha mkanda uning'inie chini ya tumbo. Kaunda suti imewasitiri watu wengi mji huu kwa sababu inakaa nje ya suruali na kushuka moja kwa moja, ila mifuko ya chini iwe bapa. Ile yenye mikunjo inaongeza tumbo juu ya tumbo. Kola ya shati iingize vidole viwili ukiwa umefunga kifungo cha juu.

Na wa mitumba je? (Huku kwetu ukisema "naenda Mtumba" inabidi ufafanue kama ni kwenye Mji wa Serikali au kwenye nguo.) Ukienda soko la Sabasaba vaa fulana nyepesi ya kubana ili ujaribie juu yake. Chagua kwa bega. Urefu, kiuno na mikono tunapunguza bila shida, lakini bega la shati lenye kola ni kulifumua lote, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya shati. Kuongeza ni kugumu zaidi: pindua ndani uangalie mshono. Ukikuta kitambaa cha ziada cha nusu inchi kila upande, naweza kukuachia kidogo. Ukikuta overloki, ule uzi wa kuzuia ukingo usifumuke, imepita kando ya mshono kabisa, mwachie mwembamba.

Yule dada wa blauzi saba nimemfanyia tano. Mbili nilimshauri azigawe, bega lilikuwa mbali mno. Ya kwanza kuipima tena ilimgomea, kifua kikawa kimekaa juu ya pale nilipobana. Nikarudia vipimo, nikaona ncha ya ziwa imepanda karibu inchi nzima. Kumbe siku ya kupimwa alikuja na sidiria ya kazi za nyumbani, siku ya kujaribu akaja na ya ofisini. Basi mkija kupimwa, njooni na ile mtakayovaa nayo.