Je, wajua kwa nini ozoni ya usawa wa ardhi hutoweka Aktiki kila machipuko, na kompyuta hufundishwaje kulitabiri hilo?

Mwezi Machi, hewa ya karibu na ardhi huko Utqiaġvik, kaskazini kabisa mwa Alaska, kwa kawaida huwa na ozoni sehemu 30 hadi 40 kwa bilioni. Mara kipimo huporomoka hadi chini ya 5, pengine ndani ya saa chache tu, hukaa huko siku moja au kadhaa, kisha hupanda tena. Usilichanganye jambo hili na lile tundu la ozoni la Antaktiki, ambalo watafiti wa Uingereza walilitangaza mwaka 1985 kutokana na vipimo vya kituo cha Halley. Lile liko juu sana, kuanzia kilomita 15 hivi kutoka ardhini, na huletwa hasa na klorini ya kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia. Hili la ardhini ni kazi ya bromini, tena bromini ya bahari yenyewe.

Maji ya bahari yana bromidi kidogo mno: kwa kila ayoni moja ya bromidi kuna kloridi kama 650. Bahari inapoganda, chumvi husukumwa nje ya barafu, na sehemu yake huishia kwenye theluji iliyolala juu. Jua likirudi baada ya usiku mrefu wa majira ya baridi, mwanga huvunja molekuli ya bromini (Br2) kuwa atomu mbili. Kila atomu hunyang'anya ozoni oksijeni moja na kuwa BrO. BrO nayo hukutana na HO2 (chembe ya hidrojeni na oksijeni) hewani, ikawa HOBr. Hapa ndipo penye siri: HOBr hutua kwenye theluji yenye asidi, hukutana na bromidi, na kinachotoka ni Br2. Imeingia atomu moja, zimetoka mbili. Mzunguko huo ukijirudia, bromini huongezeka maradufu hadi ozoni iishe, na ndiyo maana wanakemia huuita mlipuko wa bromini. Uhusiano wa bromini na kuporomoka kwa ozoni ulielezwa mwaka 1988 kutokana na vipimo vya Alert, Kanada. Atomu hizohizo pia huoksidisha zebaki ya hewani na kuifanya ianguke kwenye theluji. Sehemu ya zebaki hiyo hurudi hewani, nyingine hubaki.

Mimenyuko inayofanyika hewani inajulikana vizuri. Tatizo liko kwenye theluji: ina asidi kiasi gani, chumvi kiasi gani, na upepo unapitaje ndani yake? Hali ya hewa nayo haisaidii, kwa maana matukio haya hutokea katika hali mbili zinazopingana. Kuna siku tulivu, zenye baridi kali, ambapo hewa nzito hukaa chini na bromini haina pa kwenda. Na kuna siku za dhoruba, upepo ukizidi mita 10 kwa sekunde, ambapo theluji hurushwa angani na kila punje huwa uwanja wa mimenyuko. Ukichora mstari mmoja wa kuhusisha upepo na bromini, hali hizi mbili hufutana na mstari unabaki bapa. Modeli ya miti mingi ya uamuzi (kila mti ni mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana), au mtandao wa neva bandia, inaweza kuzitenga bila kuambiwa. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kutumia ujifunzaji wa mashine hapa.

Kituo cha NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, kilicho karibu na Utqiaġvik kimepima ozoni tangu 1973. Machi hadi Mei ni siku 92, yaani saa 2,208 kwa mwaka. Miaka 20 inakupa mistari zaidi ya 44,000 ya jedwali. Inaonekana mingi, lakini saa ya tano na ya sita ya tukio moja ni karibu kitu kilekile, na matukio ya msimu mmoja ni machache. Mifano iliyo huru kweli haifiki hata elfu. Kwa hiyo mtandao mkubwa wa neva haufai kuwa wa kwanza. Anza na miti.

Safu za jedwali ni halijoto, kanieneo, kasi ya upepo, mnururisho wa jua, kimo cha tabaka la hewa la chini, na moja inayostahili jasho kuliko zote: saa ambazo hewa ile imepita juu ya barafu ya bahari. Kuipata, unaendesha programu ya kufuatilia njia ya hewa, kama HYSPLIT au FLEXPART, kinyumenyume kwa siku tano kuanzia kila saa ya kipimo, kisha unahesabu saa ambazo hewa ilikuwa ndani ya tabaka la chini, juu ya barafu inayoonekana kwenye ramani za setilaiti. Bila safu hii modeli hudhani kila tukio limezaliwa kituoni. Mara nyingi si kweli. Kipimo kikiporomoka ndani ya saa mbili, mara nyingi ni hewa iliyokwisha kupoteza ozoni kwingine na sasa imefika kituoni.

Data za hali ya hewa kwa kawaida huchukuliwa ERA5 (hifadhi ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyotengenezwa kwa modeli na vipimo), zenye thamani za kila saa kwa gridi ya kilomita 31 hivi. Zina kasoro moja ya kujulikana mapema: modeli iliyozizalisha huipa barafu ya bahari unene uleule wa mita 1.5, tena bila theluji juu, kwa hiyo joto la bahari hupenya kupita kiasi na uso wa barafu huonekana wa joto kuliko ulivyo. Penye vipimo vya kituo, tumia hivyo.

Usafishaji una mitego yake. Kipimo cha ozoni cha sehemu −0.3 kwa bilioni si upuuzi. Ni kelele za mashine karibu na sifuri, na ukizifuta thamani hasi zote unapandisha wastani wa matukio yenyewe. BrO hupimwa kwa mwanga wa jua, hivyo usiku hakuna kipimo. Kujaza sifuri hapo ni kuifundisha modeli uongo. Moshi nao hula ozoni, kwa sababu NO (oksidi ya nitrojeni) ya jenereta na magari humenyuka nayo. Upepo ukivuma kutoka mjini, kusini-magharibi mwa kituo, saa hizo ziondolewe.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuchanganya mistari yote kama karata, asilimia 80 za kufundishia na 20 za kujaribia. Saa nane mchana inaingia mafunzoni, saa tisa inaingia kwenye mtihani, na modeli inapata alama za juu kwa kukariri tu. Tenga miaka mizima ambayo modeli haijaiona. Kisha ilinganishe na mpinzani asiye na akili: ubashiri kwamba ozoni ya kesho saa hii itakuwa sawa na ya leo. Modeli isiyomshinda huyo haina kazi.

Lingine ni modeli kuogopa kukosea. Ikifundishwa kupunguza kosa la wastani la mraba, hujibu 20 pale ukweli ulipo 3 au 35, ingawa 20 ni hali adimu ya mpito. Ni bora kugawa kazi: modeli ya kwanza iamue kama kuna tukio, ya pili ikadirie kiasi. Na badala ya kosa la wastani pekee, hesabu matukio iliyoyapata, iliyoyakosa, na yale iliyoyatangaza bure.

Matumizi mengine ni kuiweka mashine mahali pa kikokotoo cha kemia ndani ya modeli ya dunia, ambacho hula muda mwingi wa kompyuta. Jaribio la aina hiyo kwa GEOS-Chem, modeli ya kemia ya angahewa ya dunia, lilichapishwa mwaka 2019. Ugumu ni kwamba kosa dogo la hatua moja huwa chakula cha hatua inayofuata, na atomu za bromini huanza kuzaliwa au kupotea hovyo. Dawa mojawapo ni kuiacha mashine itabiri migawo tu (BrO asilimia ngapi, HBr, yaani bromini iliyoungana na hidrojeni, asilimia ngapi) na jumla ya bromini ibaki mikononi mwa modeli ya kawaida.

Mtihani mgumu zaidi ni kufundisha kwa data za Aktiki na kujaribu Antaktiki, kwa mfano kituo cha Neumayer. Huko machipuko ni Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo modeli iliyopewa safu ya mwezi inaanguka papo hapo; ingepewa pembe ya jua. Ikianguka hata baada ya hapo, mtuhumiwa anayefuata ni asidi: Aktiki hupokea salfati ya viwanda vya Ulaya na Asia kila machipuko, Antaktiki karibu haipati kabisa.