Mwenyeji Anadai Pesa za Usafi Umeshaondoka: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Meseji ya mwenyeji wa nyumba uliyoikodi kwa siku chache huja ukiwa umeshasahau safari. Nguo ziko kwenye beseni, begi limerudi juu ya kabati, na simu inalia: "Habari, tumeikuta nyumba katika hali isiyoridhisha, tunaomba ulipie usafi wa ziada." Chini yake kuna picha moja ya doa na kiasi cha pesa. Kuna wanaolipa palepale kwa aibu, na kuna wanaowaka na kuporomosha matusi. Nimewahi kuwa upande wa matusi, na haukunisaidia kitu. Kilichonigharimu zaidi ni mambo niliyokuwa nikiyaamini kwa kuyasikia tu.

"Nilishalipa ada ya usafi, hakuna wa kunidai tena"

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Ada unayoiona wakati wa kuweka nafasi ni malipo ya kazi ya kawaida kati ya mgeni anayetoka na anayeingia: kubadili shuka, kufua taulo, kusugua choo, kupiga deki. Mwenyeji huipanga mwenyewe, na utatozwa hata kama umelala usiku mmoja na jiko hukuligusa. Madai yanayokuja baadaye ni suala jingine kabisa. Hapo mwenyeji anasema umeacha uchafu uliozidi kazi hiyo ya kawaida.

Chukua Airbnb, mtandao ambao watu hukodisha nyumba zao kwa wasafiri. Mpango wao wa kuwalinda wenyeji, AirCover, unagusa gharama za usafi wa ziada kama vile kutoa madoa yaliyoachwa na wageni au wanyama wao, na kuondoa harufu ya moshi wa sigara. Uchakavu wa kawaida haumo. Kwa hiyo ukidaiwa, muulize mwenyeji swali moja kwa upole: hapa kuna kazi gani ambayo ada ya kwanza haikuilipia? Nywele kwenye tundu la bafu, vumbi uvunguni, taulo mbichi sakafuni, hizo ni kazi za kila siku. Lakini matapishi kwenye godoro, au majivu kwenye nyumba iliyoandikwa wazi kwamba sigara ni marufuku, hapo hata mimi ningedai.

"Akishadai, pesa zimekwenda"

Madai ni ombi. Kwa utaratibu wa Airbnb, mwenyeji ana siku 14 tangu uondoke kutuma ombi lake kupitia Kituo cha Usuluhishi. Wewe una saa 24 za kulipa au kukataa. Ukikataa, au ukinyamaza, ndipo anaweza kuiita kampuni iamue.

Hapo kwenye kunyamaza pana dhana nyingine, kwamba usipojibu mwenyeji atachoka. Hachoki. Shauri linakwenda mbele likiwa na maelezo ya upande mmoja, na anayeamua hana cha kusoma kutoka kwako. Saa 24 si nyingi hata kidogo, hasa ukiwa njiani, kwa hiyo jibu hata kwa mistari mitatu kisha ongeza baadaye.

Na wale wanaosema, "Wageni wengine wameshaingia, madai yamekufa," wanashikilia kanuni ya zamani. Zamani ilikuwa lazima mwenyeji adai kabla ya mgeni mwingine kuingia, lakini sasa siku 14 zake zinabaki palepale. Ila hoja yenyewe bado ina nguvu kwenye ushahidi: kama picha imepigwa baada ya watu wengine kulala humo, nani anajua doa ni la nani?

Nyumba inayochukua amana ni habari nyingine kidogo, maana pesa yako imeshashikwa na kazi yako ni kuidai irudi. Maswali ya kuuliza ni yaleyale.

"Picha ya doa ni ushahidi tosha"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi zinapoamuliwa.

Niliwahi kutumiwa picha ya kochi la kijivu lenye doa la kahawia, ukubwa wa kiganja, katikati ya mto wa kukalia. Siku ya tatu baada ya kuondoka. Nilijua fika kwamba sikumwaga kitu, ila kujua kwangu si ushahidi. Nikafungua simu. Nilikuwa na picha nilizopiga siku ya kufika, si kwa ujanja wowote, nilitaka tu kumwonyesha dada yangu sebule. Nikaikuza moja mpaka ikaanza kupasuka. Mto ulikuwa umewekwa zipu ikitazama mbele, mahali ambapo zipu haikai kwenye kochi lolote. Kwenye picha ya mwenyeji zipu ilikuwa nyuma. Yaani mto ulikuwa umegeuzwa kabla sijaingia, upande mzuri ukawekwa juu na doa likafichwa chini, na aliyekuja kusafisha baada yangu akaurudisha. Nikatuma picha zote mbili na sentensi mbili za maelezo. Ombi likaondolewa kimyakimya, bila hata pole.

Sidhani kama mwenyeji yule alikuwa tapeli. Nahisi aliyegeuza mto hakumwambia aliyemfuata. Nyumba nyingi za namna hii husafishwa na watu tofauti kila wiki, na mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ya karibu inaonyesha kwamba doa lipo. Haionyeshi lini, wala nani, wala kama ni kitu hichohicho ulichokikuta. Una haki ya kuomba picha ya mbali inayoonyesha chumba kizima, tarehe ilipopigwa, picha ya kitu hicho kabla hujafika, na risiti au ankara ya aliyesafisha. Ankara ndiyo inayofichua mengi. Utaikuta wakati mwingine inajumlisha usafi wote wa nyumba, pamoja na ule uliokwisha kuulipia.

Jibu lenyewe lisiwe refu. Mimi huandika hivi: "Habari, nimepokea ombi lako. Kwa sasa silikubali. Nimeambatanisha video niliyopiga asubuhi ya kuondoka, na kochi linaonekana dakika ya kwanza. Naomba picha zilizopigwa kabla sijafika na ankara ya usafi, ikionyesha kazi iliyozidi ile ya kawaida." Basi. Hakuna "wewe ni mwizi", hakuna historia ya safari. Atakayesoma ni mtu wa huduma kwa wateja mwenye mafaili mengi mezani, na anatafuta tarehe na picha.

"Sikuvua shuka, kwa hiyo nastahili faini"

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa, lakini mgeni wa methali hakulipa ada ya usafi mapema. Ule ubao wa jikoni wenye kazi kumi na mbili za kufanya kabla ya kuondoka umewachosha watu kiasi kwamba mwaka 2022 mkuu wa Airbnb, Brian Chesky, alitangaza kwamba wageni hawapaswi kulazimishwa kuvua mashuka, kufua nguo wala kupiga zulia mashine ya vumbi. Kuzima taa, kutupa mabaki ya chakula na kufunga mlango, hayo ni ya haki.

Soma kanuni za nyumba kabla ya kuweka nafasi, maana kilichoandikwa pale ulikikubali. Kilichobandikwa ukutani ukaja kukikuta ukiwa na begi mkononi, hicho kinajadilika.

"Siku hizi sheria zimepiga marufuku ada hizi"

Hazijapiga. Marekani kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ilianza kazi tarehe 12 Mei 2025, na Uingereza sheria ya mwaka 2024 ya kuwalinda walaji ikaanza kubana jambo hilohilo tarehe 6 Aprili 2025. Zote zinataka bei utakayoonyeshwa mwanzo iwe na ada zote za lazima ndani yake, usafi ukiwemo, badala ya ada kuchomoza ukurasa wa mwisho. Mwenyeji bado anaweza kutoza usafi apendavyo mradi auonyeshe, na madai ya uharibifu baada ya kuondoka hayaguswi. Kumtishia mwenyeji kwa sheria hizi kwenye suala la doa ni kujiaibisha.

"Tumalizane pembeni, nitumie tu kwa simu"

Usifanye. Airbnb hairuhusu mwenyeji kukusanya malipo ya ziada nje ya mfumo wake bila idhini, na ukishatuma pembeni hakuna kumbukumbu kwamba jambo limekwisha. Kuna waliolipa pembeni na wiki iliyofuata wakadaiwa tena ndani ya programu.

Hofu ya maoni mabaya nayo imezidi kipimo. Kwenye Airbnb maoni yenu hayaonekani mpaka wote wawili muwe mmeandika, au siku 14 zipite, kwa hiyo hawezi kusoma yako kisha akalipiza. Akikutishia kukupa nyota chache kwenye maoni ili ulipe, piga picha ya meseji hiyo na uiripoti, kwani vitisho hivyo vimekatazwa. Kwako pia vimekatazwa, tusisahau.

Na benki? Wapo wanaokimbilia kuomba kadi irudishiwe pesa siku ileile. Njia hiyo ipo, lakini iache iwe ya mwisho, baada ya kukata rufaa ndani ya mfumo. Benki nayo itataka picha na mawasiliano, na ukiwa hukujibu kitu huna cha kuwaonyesha.

"Nikikiri kosa, nimekubali na bei"

Kukiri na kukubali kiasi ni mambo mawili. Safari nyingine nilimwaga kahawa kwenye zulia, kosa langu mchana kweupe. Nilimwandikia mwenyeji jioni ileile, nikatuma picha, nikaomba radhi. Akajibu vizuri, nisijali. Baada ya siku tano akanidai bei ya zulia jipya. Sikukana. Nilimwomba atafute kwanza bei ya fundi wa kusafisha mazulia, na kama fundi angesema halitoki, tungezungumza upya kwa kuzingatia umri wa zulia, maana lilikuwa limeshapauka upande wa dirishani. Fundi akalitoa doa. Nikalipa ankara yake, ndani ya programu, sehemu ndogo tu ya kilichodaiwa mwanzo. Juzi nilipitia tangazo la nyumba ile na zulia bado lipo sebuleni, ingawa picha za matangazo haya huwa za zamani, kwa hiyo sitaapa.