Kanada Si Njia ya Mkato ya Kwenda NHL

Kila kiangazi naulizwa swali lilelile, na muulizaji huwa ameshalijibu mwenyewe: kijana wa Kirusi wa miaka 17 akitaka kufika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, si lazima ahamie ligi za vijana za Kanada, tena mapema iwezekanavyo? Hapana. Kirill Kaprizov hakupita huko. Artemi Panarin hakupita, na hata kwenye drafti, ambako klabu za NHL hugawana vijana kila mwaka, hakuchaguliwa na mtu. Andrei Vasilevskiy alichaguliwa wa 19 mwaka 2012 akitokea Ufa, Urusi. Matvei Michkov (wa 7, 2023) na Ivan Demidov (wa 5, 2024) walichaguliwa wakiwa bado Urusi. Najua, upande wa pili nao wana majina yao, ya waliopita Kanada: Provorov, Sergachev, Andrei Svechnikov. Ndiyo maana majina hayamalizi ubishi huu.

Kinachoniudhi ni kwamba watu hubishania ubora wa ligi na kusahau karatasi. Ukichaguliwa na klabu ya NHL ukiwa mchezaji wa CHL, muungano wa ligi hizo za vijana za Kanada, makubaliano ya NHL na CHL yanakubana: mpaka uwe umefikisha miaka 20 ifikapo Desemba 31 ya msimu husika, au umemaliza misimu minne ya vijana, AHL, ligi ya wakubwa iliyo chini ya NHL, imefungwa kwako. Unabaki NHL au unarudishwa kwa vijana, hakuna katikati. Mikhail Sergachev, chaguo la 9 la Montreal mwaka 2016, alicheza mechi chache za NHL kisha akarudishwa Windsor, klabu yake ya vijana huko Ontario, Kanada. Kwa umri wake hapakuwa na pengine pa kumweka. Akatwaa Memorial Cup, kombe la ubingwa wa CHL, mwaka 2017, hewala, lakini beki aliyekwisha kuvaa jezi ya NHL alimaliza msimu akikabana na wavulana. Mwenzake wa umri uleule aliyechaguliwa akiwa klabu ya Urusi hana kifungo hicho. Akishaachiwa na klabu yake, anaweza kwenda AHL akiwa na miaka 18.

Halafu kuna saa ya haki, yaani muda ambao klabu hushikilia haki ya kumsainisha iliyemchagua. Chini ya mkataba wa kazi wa NHL na wachezaji unaoisha Septemba 2026, klabu iliyomchagua mchezaji wa CHL ina miaka miwili ya kumsainisha, la sivyo inampoteza. Aliyechaguliwa akiwa Urusi hana saa hiyo, kwa kuwa hakuna makubaliano ya uhamisho kati ya NHL na Urusi. Minnesota walimchagua Kaprizov mwaka 2015, wa 135, na wakamsainisha 2020. Jiulizeni: mchezaji wa raundi ya tano anayekomaa polepole angesubiriwa miaka mitano kama angekuwa Kanada? Kwa kijana anayekomaa mapema, saa hiyo ni fimbo ya kuisukuma klabu. Kwa anayechelewa, fimbo hiyohiyo inamgeukia. Mkataba mpya unabadilisha muda huu na unalenga kuruhusu kila klabu kumpeleka AHL kijana mmoja wa miaka 19. Mmoja tu. Msijidanganye kuwa mlango umeachwa wazi.

Sasa uwanja, ambao kila mtu anaueleza nusu. "Kanada uwanja ni mdogo, kwa hiyo mchezo ni wa kasi." Upana mkubwa wa kimataifa ni mita 30, wa Amerika Kaskazini ni karibu mita 26. Lakini pima zile mita nne zimekatwa wapi. Vitone vya kuanzishia mchezo kwenye eneo la ushambuliaji vimeachana mita 14 kwenye uwanja wa kimataifa, mita 13.4 kwenye wa Amerika Kaskazini. Katikati, basi, karibu hapajapungua kitu. Kutoka kitone hadi ukuta ndiko kunakoshuka, mita 8 hadi 6.25. Winga aliyezoea kupokea kisahani pembeni, ageuke, ainue kichwa, ndipo aamue, anagongwa kabla ya kugeuka. Anachotakiwa kujifunza ni kuangalia begani kabla pasi haijafika. Na jambo hilo halihitaji visa: KHL, ligi kuu ya Urusi, inaruhusu viwanja vya mita 26, 28 na 30, na klabu kadhaa za Urusi zimeshapunguza vyao.

Ni nani basi aende? Yule anayesugua benchi. Kijana anayeorodheshwa KHL kama mshambuliaji wa 13 na kupewa dakika tatu kwa mechi anaoza, hata kama jezi ni ya klabu kubwa. SKA, klabu kubwa ya St. Petersburg, walimpeleka Michkov klabu ya Sochi kwa mkopo ili acheze. Asiye na Sochi yake afikirie OHL au WHL, ligi mbili za CHL, ambako kuna mechi 68 kwa msimu na lugha ataijua atake asitake, kwa kuwa familia inayompokea haisemi Kirusi.

Ila ahesabu misimu. Wachezaji wa kigeni walifungiwa nafasi mbili kwa klabu ya CHL kwa miaka mingi, na mgeni wa miaka 20 huhesabiwa pia katika nafasi tatu za wenye miaka 20, kwa hiyo klabu nyingi humwacha. Anayefika na miaka 19 amenunua msimu mmoja. Drafti ya wageni yenyewe, ambako klabu za CHL huchagua vijana wa kigeni, si bahati nasibu: klabu hazipotezi chaguo kwa kijana ambaye wakala wake hajasema atakuja. Warusi na Wabelarusi walizuiwa 2022 na 2023, wakarudishwa 2024. Na tangu Agosti 2025 aliyecheza CHL anaweza kwenda NCAA, mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani, jambo ambalo kwangu ndilo hoja nzito kuliko zote za kuhama.

Kuna shaka moja ambayo vipeperushi vya mawakala haviigusi. Wengi huongeza mabao Kanada kati ya miaka 17 na 18, nasi tunaisifu ligi. Umri huo mwili unajaa kila mahali. Sijawahi kuona njia ya kutenganisha kazi ya kocha wa Ontario na ya mwaka mmoja zaidi wa kula na kulala, na anayewauzia wazazi jibu la uhakika hapo, mwulizeni asilimia yake ni ngapi.