Je, wajua? Ufunguo wa biti 128 hauna nguvu mara tatu tu ya ule wa biti 40

Katikati ya miaka ya 1990, kivinjari cha Netscape kilikuwa na matoleo mawili. Wamarekani walipata ufunguo, yaani namba ya siri ya kufungia ujumbe, wa biti 128. Dunia iliyobaki ikapewa biti 40. Sheria ya Marekani wakati huo iliuweka usimbaji fiche (kugeuza ujumbe usisomeke bila ufunguo) kwenye orodha moja na silaha, na programu yenye ufunguo mrefu haikuvuka mpaka bila kibali.

Wengi wakiziona namba hizo hudhani tulipewa theluthi ya ulinzi. Sivyo hata kidogo. Chukua kufuli la namba la sanduku la safari, lenye magurudumu matatu. Mwizi ana namba 1,000 za kujaribu. Ongeza gurudumu moja tu, zinakuwa 10,000. Biti ni gurudumu lenye 0 na 1 pekee, kwa hiyo kila moja inayoongezwa huzidisha kazi mara mbili. Biti 40 ni funguo takriban trilioni 1.1, biti 41, trilioni 2.2. Ukifika 56, kazi imeshakua mara 65,536, na 128 bado iko mbali sana.

Kikomo cha biti 40, basi, kilikuwa bei ya kuufungua ujumbe: ghali kwa mtu wa kawaida, nafuu kwa serikali. Lakini bei ya kompyuta haikai mahali pamoja. Agosti 1995, Damien Doligez wa Ufaransa aliufungua ujumbe wa biti 40 kwa siku 8, akitumia kompyuta za taasisi zilizokuwa zimekaa bila kazi. Januari 1997, Ian Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliuvunja ufunguo mwingine wa biti 40 kwa saa tatu na nusu.

Mwaka 1998 EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni, likaunda mashine ya Deep Crack, kwa gharama isiyofika dola 250,000. Ilijaribu funguo bilioni 90 kwa sekunde, ikaupata ufunguo wa biti 56 wa DES, mfumo wa usimbaji uliokuwa kiwango rasmi cha Marekani, kwa saa 56, ikiwa imepekua robo tu ya funguo zote. Kwa kasi hiyo, biti 40 zingekwisha kwa sekunde 12. Biti 128 zingehitaji zaidi ya miaka bilioni 100 mara bilioni moja.

Januari 2000 Marekani ililegeza masharti, ila funguo dhaifu hazikuondoka. Mwaka 2015 iligundulika kuwa seva nyingi bado zilikubali funguo za biti 512 za RSA, mfumo wa usimbaji wa aina nyingine, zilizotengenezwa kwa ajili ya wateja wa nje. RSA huvunjwa kwa kutafuta vigawo vya namba kubwa, si kwa kujaribu ufunguo mmoja mmoja, ndiyo maana 512 huko ni ndogo. Watafiti walikodi kompyuta za Amazon wakaumaliza ufunguo mmoja kwa takriban dola 100.