Je, wajua kwa nini daktari hutoboa tundu kwenye moyo wa mtoto mchanga ili kumwokoa?

Ukisikia "mtoto ana tundu kwenye moyo", unachofikiria kwanza ni kwamba akazibwe. Kweli, matundu mengi huzibwa, na madogo huweza kujifunga yenyewe bila kuguswa. Lakini wapo wachanga ambao daktari akiwapokea, kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha tundu halizibi, na likiwa dogo, kulipasua liwe kubwa.

Sababu inaanzia tumboni mwa mama. Huko mapafu ya mtoto hayana kazi. Oksijeni inatoka kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Kwa hiyo moyo una njia mbili za mkato za kuyakwepa mapafu: tundu kati ya vyumba viwili vya juu, na mrija mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili, yaani aota. Mtoto akizaliwa na kuvuta pumzi, njia hizo hazihitajiki tena. Mrija huanza kusinyaa saa chache baadaye, na kwa watoto wengi unakuwa umeziba ndani ya siku 2 au 3.

Sasa chukua mtoto ambaye mishipa yake mikuu imebadilishana nafasi: aota inatoka upande wa kulia wa moyo, mshipa wa mapafu unatoka kushoto. Damu isiyo na oksijeni inatoka mwilini na kurudi mwilini. Yenye oksijeni inatoka mapafuni na kurudi mapafuni. Mizunguko hiyo miwili hukutana kwenye zile njia za mkato tu, na hizo ndizo zinazomweka hai. Ndiyo maana anaweza kuzaliwa na kilo 3 zake, akalia, akanyonya, wazazi wakapongezwa, halafu siku ya pili akaanza kuhema na midomo ikageuka bluu.

Huwekewa kwanza dripu ya prostaglandini, dawa inayouzuia mrija usizibe. Dawa hii ina ubaya wake: mtoto anaweza kusahau kupumua ghafla, hivyo muuguzi habanduki pale. Isipotosha, inatumika njia aliyoianzisha William Rashkind huko Philadelphia mwaka 1966. Mpira mwembamba wenye puto nchani unapitishwa kwenye mshipa wa kitovu au wa paja hadi chumba cha juu kulia, unavushwa kwenye lile tundu hadi kushoto, puto linajazwa, kisha daktari anauvuta kwa mkupuo mmoja. Ukuta unachanika. Kifua hakijafunguliwa, na mara nyingi mtoto hatolewi hata kitandani pake. Daktari anaongozwa na altrasaundi. Oksijeni huweza kupanda ndani ya dakika chache.

Hapo hajapona, amepatiwa siku tu. Tiba yenyewe ni kuhamisha mishipa, upasuaji uliofanikishwa mara ya kwanza na Adib Jatene wa São Paulo, Brazili, mwaka 1975. Aota na mshipa wa mapafu hukatwa juu kidogo ya moyo, kila mmoja ukashonwa mahali pa mwenzake. Ugumu hauko kwenye mishipa hiyo mikubwa. Uko kwenye ile midogo inayoulisha moyo wenyewe, yenye upana wa milimita 1 hadi 2, ambayo lazima ihamishiwe kwenye aota mpya bila kujipinda, la sivyo moyo unakosa damu mtoto akiwa bado mezani. Wakati wote huo moyo umesimamishwa na mashine inafanya kazi yake na ya mapafu. Damu yote ya mtoto wa kilo 3 ni kama mililita 250, haijazi chupa ya soda, kwa hiyo mashine hujazwa kwanza damu ya mchangiaji.

Wala haifai kungoja akue. Upande wa kushoto wa moyo wake unasukuma damu mapafuni tu, ambako shinikizo hushuka baada ya kuzaliwa. Ukikaa wiki kadhaa unalegea, na ukija kukabidhiwa mwili mzima unashindwa. Kwa kawaida upasuaji hupangwa ndani ya wiki chache za mwanzo.

Kasoro nyingine hazirekebishiki kwa mara moja. Njia ya kwenda mapafuni ikiwa imebana mno, mtoto huwekewa mrija wa kutengenezwa, kutoka mshipa unaopeleka damu mkononi hadi mshipa wa mapafu. Upasuaji wa kwanza wa wazo hilo, ambao haukutumia mrija wa kutengenezwa bali mshipa wenyewe wa mkono uliunganishwa na wa mapafu, ulifanywa tarehe 29 Novemba 1944 katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Wazo lilikuwa la daktari wa moyo wa watoto, Helen Taussig, kisu kilishikwa na Alfred Blalock, lakini aliyeuchambua maabara kwa kuwapasua mbwa ni Vivien Thomas, Mmarekani Mweusi asiye na shahada, ambaye siku hiyo alisimama juu ya stuli nyuma ya Blalock akimwelekeza. Kwa miaka mingi upasuaji huo ulibeba majina ya wale wawili tu. Siku hizi wengi huongeza la Thomas, na kwa maoni yangu wamechelewa sana.

Ambaye upande wa kushoto wa moyo haukukua hupasuliwa mara tatu, kuanzia siku zake za mwanzo hadi miaka michache ya utoto.

Kwetu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam hupasua mioyo ya watoto. Shida ni kufika mapema. Mama aliyejifungua salama huweza kuruhusiwa ule mrija wa mkato wa mtoto ukiwa bado wazi na mtoto akionekana mzima kabisa. Kwenye ngozi nyeusi bluu haionekani upesi, hivyo tazama ulimi na ufizi. Kifaa kidogo cha kubana, kinachopima oksijeni ya damu kwa mwanga, huwekwa mkono wa kulia na mguuni, mtoto akifikisha saa 24. Kikisoma oksijeni chini ya asilimia 90, mtoto haruhusiwi kwenda nyumbani kabla hajachunguzwa.